Nyumba Yenye Kizuka

Siku tuliyomzika mume wangu Hamad, mdogo wake Mahfoudh hakurudi nyumbani magharibi. Hakuna aliyeuliza. Nyumba ilijaa watu, wanawake wamekaa ngazi nzima bega kwa bega, wanaume wako chini uchochoroni juu ya majamvi. Mahfoudh ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake, na waliorudi kutoka makaburini Mwanakwerekwe walisema alilia mpaka akashikwa mkono kutolewa. Kwa hiyo kila mtu alidhani amebaki msikitini, au amejitenga mahali na huzuni yake. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mle chumbani, ukimtoa mama mkwe wangu, ni mimi peke yangu niliyekumbuka kwamba jua likishazama Mahfoudh hakuwa na ruhusa ya kuwa popote isipokuwa ndani ya nyumba hii. Ilikuwa amri ya hakimu.

Hamad alitoka asubuhi ile mzima. Alikuwa fundi wa mafriji, ana kibanda chake Darajani. Alikunywa chai kwa mkate wa kumimina, akaniambia nisimwekee chakula cha mchana kwa sababu anakwenda kutazama friji la mtu huko Jang'ombe. Kabla ya adhuhuri akaletwa kwenye gari la kuazima, amefunikwa shuka isiyo yetu. Daktari alisema ni moyo. Nimeanza na mkate ule kwa sababu naogopa kuusahau. Yaliyofuata sitayasahau, lakini watu wa Kiponda, mtaa wetu, wameshaanza kuyasimulia kwa namna zao, basi nayaandika yalivyokuwa.

Mahfoudh alikuwa na mke, Nassra, mtoto wa Kidichi, huko shamba. Siku moja Nassra alichelewa kurudi kutoka arusini, na Mahfoudh akamngoja mlangoni na mchi wa kinu. Alimvunja mkono na taya. Ndoa ikavunjika, kesi ikaenda mahakamani, na Mahfoudh akakiri. Hakimu angeweza kumpeleka jela, Chuo cha Mafunzo, moja kwa moja. Lakini ilikuwa kosa lake la kwanza, na Hamad alisimama mbele ya hakimu akasema yeye ni kaka mkubwa, atamchukua nyumbani kwake na atamsimamia. Ikaamriwa uangalizi wa miaka miwili. Alale kwa kaka yake. Awe ndani tangu magharibi mpaka alfajiri. Asikanyage Kidichi, mchana wala usiku, wala asimpigie Nassra simu. Akivunja moja katika hayo, arudishwe mahakamani.

Aliyepewa kazi ya kumwangalia ni afisa mmoja wa ustawi wa jamii, Bwana Mbarouk, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na vespa inayokohoa. Alikuwa akija bila kutoa habari. Tukiisikia ile vespa imezimwa kwenye pembe ya uchochoro, Hamad hushuka na Mahfoudh mpaka chini. Humwambia, "Huyu hapa, mkague. Hata kucha leo amekata." Wote watatu hucheka. Mara moja Mahfoudh alichelewa, si sana, watu walikuwa wanatoka msikitini, na Hamad akamwambia afisa bila kuulizwa. Mama mkwe alimnunia wiki nzima. Mimi nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba neno lake ndilo lililomtoa mdogo wake mahakamani, na neno likishaingia doa halifai kumtolea mtu tena.

Baada ya mazishi mimi nikaingia edani. Nilikalia chumba cha kwanza ukimaliza ngazi, chenye pazia zito la buluu mlangoni. Sitoki nje, sijipaki mafuta mazuri, sijifukizi udi, sitii wanja, sikai na mwanamume asiye maharimu yangu. Nyumba ikawa nyumba yenye kizuka, yaani mjane aliye edani. Wageni wa kiume hawapandi. Wakubwa wetu wana yao zaidi ya sheria, wanasema mwanamume akikutana macho na kizuka hupata nuksi, na wapo watu wazima wenye shahada zao ambao hawataki kujaribu.

Bwana Mbarouk alikuja mara ya kwanza kabla ya hitima kwisha. Nilimsikia akipiga hodi chini. Mama mkwe wangu, Bi Sichana, alikwenda kusimama juu ya ngazi.

"Yupo, baba," alisema. "Amejilaza. Na samahani, humu mna kizuka."

Bwana Mbarouk aliomba radhi, akatoa mkono wa tanzia hukohuko chini kwa maneno, akaondoka. Siku ile Mahfoudh alikuwepo kweli. Nilimsikia akikohoa chumbani kwake. Lakini nilimsikia pia akitoka chumbani baada ya vespa kuondoka, akaja mpaka kichwa cha ngazi, akasimama kimya, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato akawa anaipima kwa macho.

 

Mtu akikaa ndani muda wote huijua nyumba kwa masikio. Nilijua miguu ya kila mtu. Bi Sichana huburura kandambili ya kushoto. Mahfoudh alikuwa mzito wa kisigino, nyumba kongwe kama ile, sakafu yake ya boriti, hukwambia kila anapokanyaga. Ikawa magharibi inaadhiniwa, nasikia kisigino chake kikishuka, halafu sikisikii kikipanda mpaka nimeshasali isha na kulala. Asubuhi yuko mezani, anakunywa chai, anauliza kupitia pazia nimeamkaje. Alikuwa hodari wa adabu. Akileta embe, haanzi kula mpaka nimepelekewa langu.

Nilijiambia anakwenda msikitini. Bi Sichana alisema hivyo hata sijamuuliza: Mahfoudh anakwenda kumsomea kaka yake, mtoto wa watu ana uchungu. Alilisema mara mbili siku moja, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Halafu zikaja nguo. Kizuka hana kazi, basi niliomba nifanyiwe hisani ya kufua, nipate la kushughulisha mikono. Mahfoudh mchana alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi, naye alirudi kwenye duka la khanga la Darajani alikofanya kazi tangu ujana. Nguo za mtu wa dukani hunuka kitambaa kipya na vumbi. Shati lake lilinuka langilangi. Mimi nilikuwa sijagusa manukato tangu siku ya msiba, na pua yangu ilikuwa tupu kama chungu kilichooshwa. Harufu ile ilinipanda mpaka kichwani. Haikuwa mafuta ya chupa. Ni ua bichi, lile la manjano linalonuka zaidi jua likishazama. Na kwenye pindo za suruali palikuwa na mbegu za kishonanguo, zimeng'ang'ania safu nzima. Hakioti kishonanguo Kiponda. Hapa kwetu hata jani la kumsitiri mjusi hakuna.

Nilizibandua moja moja nikaziweka kwenye kisahani. Langilangi haioti Kidichi peke yake, nilijiambia. Iko Kizimbani, iko Mwera, iko hata bustani za hoteli. Mtu anaweza kwenda shamba kwa mengi. Lakini nyumba ya shangazi yake Nassra kule Kidichi, nilipopelekwa siku ya posa yao, ina mlangilangi mbele ya jiko, na tuliondoka pale tukinuka sote mpaka mjini.

Aliyenifungua macho zaidi ni Zuleikha, jirani wa nyumba ya mbele, mshonaji. Dada yake ameolewa Kidichi, karibu na kina Nassra. Alikuja mchana mmoja na sahani ya vitumbua, akakaa juu ya mkeka, akazungumza habari za watu mpaka zikamwishia, ndipo akateremsha sauti. Aliniambia Nassra hakuja kunipa mkono wa tanzia si kwa kiburi, bali anaogopa kuingia nyumba aliyomo Mahfoudh. Na kwamba Nassra halali. Kuna mtu anakuja nyuma ya jiko lao jua likizama. Hasemi, hagongi. Asubuhi wanakuta kata ya maji imegeuzwa juu ya mtungi, maganda ya chungwa chini ya mti. Mara moja Nassra alisahau khanga yake kambani. Asubuhi akaikuta juu ya kizingiti cha mlango, imekunjwa.

"Imekunjwaje?" nilimuuliza.

"Kidukani," alisema Zuleikha. "Pembe zote ndani, jina la khanga juu. Kama inauzwa."

 Mahfoudh hajui kukunja kitu namna nyingine. Hata taulo lake, hata kikoi alicholalia, hulikunja pembe ndani na upande mzuri juu, kama mteja amesimama mbele yake.

Nilimuuliza kwa nini Nassra hajasema. Zuleikha akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nassra amesema, aliniambia. Amekwenda kwa Bwana Mbarouk mwenyewe, na shangazi yake. Bwana Mbarouk alikuja kutazama, akajibiwa kwamba Mahfoudh yupo. Nassra akarudi tena, afisa akaja tena, akajibiwa vilevile. Sasa afisa anamwambia Nassra kwa upole kwamba labda ni hofu, mtu aliyeumizwa huona kivuli akadhani mtu, maana kila mara yeye anapofika Kiponda mtu wake yumo ndani.

"Ndani wapi?" nilisema.

"Humu," alisema Zuleikha. "Nyuma ya pazia lako."

Nilimwomba basi aende yeye, ama kwa afisa ama kwa sheha wa mtaa, akaseme ninayoyajua. Alikataa, na sikuweza kumlaumu. Alisema yeye akienda ni maneno ya jirani. Afisa atakuja, atasimama palepale chini, atajibiwa yupo, na yeye atabaki mfitini wa mtaa. Alipokuwa anavaa buibui lake alisema, "Eda imekufunga miguu, shoga. Mdomo haijakufunga."

Jioni ile nilimwita Bi Sichana chumbani kwangu. Nilimpenda yule mama, na nataka liandikwe hilo. Siku ya msiba, aliyefiwa na mwanawe ni yeye, lakini ndiye aliyenilisha uji kwa kijiko. Nilimuuliza Mahfoudh yuko wapi.

"Msikitini. Anamsomea kaka yake."

Nikamsogezea kisahani. "Msikiti gani huo wenye kishonanguo, Mama?"

Alizitazama zile mbegu. Hakuuliza ni nini wala zimetoka wapi, na hilo ndilo lililonikaa. Aliketi kitandani, akavuta ushungi.

"Wewe umekaa eda," alisema, "au umekaa upelelezi?"

Nilimweleza jinsi pua yangu ilivyonusa langilangi kwenye shati, na ya Nassra yote, kata, maganda, khanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba hata wakiwa mke na mume Nassra alikuwa mwingi wa hadithi. Nikasema taya halikuwa hadithi. Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo.

"Nilizaa wawili tu, Thuwaiba. Mmoja nshamkabidhi Mungu. Huyu akilazwa Chuo cha Mafunzo, mimi ntalala wapi?"

"Nassra naye mtoto wa mtu."

"Nassra ana watu wake. Mimi nna nani?"

Jibu lilikuwa mimi, na sote tuliona halitoshi. Akainuka akachukua kisahani kile, akasema atakiosha.

Kesho yake mchana, Bi Sichana yuko jikoni, nilisikia kisigino kikija mpaka mlangoni kwangu kikasimama. Kivuli chake kilionekana chini ya pazia.

"Shemeji," alisema Mahfoudh, taratibu kabisa. "Wanasema mtu akiacha kujifukiza udi pua huwa kali. Kweli?"

Nilimjibu kwamba sijui.

"Eda ni ibada, shemeji. Usiichafue kwa maneno ya watu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtania shemeji yake. "Nimekuletea zabibu. Nimeziweka kwa Mama."

Habari za pua sikuwa nimemwambia mtu ila Bi Sichana. Nilikaa na zabibu zile mpaka zikaharibika. Na tangu siku ile nguo zake hazikuja tena kwangu. Alizifua mwenyewe darini. Na kisigino sikukisikia tena. Alikuwa anavua viatu. Nyumba ilinyamaza magharibi kama nyumba isiyotoka mtu, nami nikawa nalala sijui yumo au hayumo, na sijui kama Bi Sichana anajua. Siku nyingine nilisema nimemdhulumu, pengine ameacha. Nikajikuta natazama kila kitu mara mbili. Sahani ya chakula chake cha usiku, iliyokuwa ikifunikwa mezani, sasa ilikuwa inaoshwa mapema, lakini sufuria haikupungua. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa nje kwa uzi mwembamba wa kushonea, wa kukatika mlango ukifunguliwa, ambao huwezi kuuona mpaka ukae chini. Sikujua kautia nani, yeye au mamake, wala wa kumchunga nani.

Simu yangu ilikuwepo. Namba ya Bwana Mbarouk ilikuwa kwenye simu ya Hamad, na simu ya Hamad Bi Sichana alikuwa ameiweka kwenye kasha lake pamoja na saa yake na kofia. Nilipoiomba, alisema bado hajawa tayari kulifungua kasha. Nilimwamini nusu.

Nilichokiogopa nitakisema. Nyumba ni ya Bi Sichana. Sikujaliwa mtoto na Hamad. Nikifungua mdomo, eda ikimalizika sina pa kuweka mkeka wangu pale, na ningemtoa mama wa mume wangu machozi ya pili kwa mkono wangu. Nisipoufungua, Nassra anakaa Kidichi na mtu nyuma ya jiko lake, na kila anapolia anaambiwa ni kivuli, kwa sababu yangu mimi niliyekaa kimya kwa heshima.

Vespa ikaja siku ya Alhamisi, magharibi imeshasaliwa. Hodi. Bi Sichana akaenda kichwa cha ngazi.

"Yupo, baba. Anasali."

Kwa kawaida hapo ndipo vespa ilipokuwa ikiwashwa. Siku ile Bwana Mbarouk alisema, kwa sauti ileile ya upole, kwamba hana haraka, atamngoja amalize. Nikamsikia akikaa kwenye daraja la chini la ngazi, bila shaka ameupa mgongo upande wetu.

Bi Sichana alisimama. Hakuwa amejitayarishia hilo.

"Anasali sana siku hizi," alisema. "Tangu kaka yake."

"Mungu amkubalie," alisema Bwana Mbarouk.

 Niliwasikia watoto wakipita uchochoroni na mpira. Kisha simu ikalia. Ililia ndani ya nyumba, chumbani kwa Mahfoudh, wimbo wake uleule, ikalia mpaka ikachoka. Bwana Mbarouk ndiye aliyeipiga, akiwa pale chini. Ikalia tena. Bi Sichana akasema mtu hakati sala kwa ajili ya simu, na Bwana Mbarouk akasema ni kweli mama, hakati. Lakini hakuondoka. Nilitambua kwamba mtu yule alikuwa ameshashuku, na kwamba hata hivyo hatapanda. Angekaa pale mpaka aone haya, halafu angekwenda zake, kwa sababu ya kizuka.

Nilifunga ushungi wangu nikasimama nyuma ya pazia. Niliona mgongo wa Bi Sichana kwenye upenyo. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukuta.

"Bwana Mbarouk," nilisema. "Hayupo."

Bi Sichana hakugeuka.

"Nani anasema?" aliuliza Bwana Mbarouk kutoka chini.

"Mimi kizuka. Thuwaiba, mke wa Hamad. Mahfoudh ametoka kabla ya adhana, na si leo tu. Anatoka tangu siku tuliyomzika kaka yake. Anakwenda Kidichi."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Nimefua nguo zake." Nikamwambia ya nguo, na ya viatu, na kwamba khanga ya Nassra imekunjwa kidukani. 

Aliniuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya hakimu. Nikasema naweza. Akasema ahsante, bila kuongeza neno, nikamsikia akitoka mlangoni na kuwapigia polisi simu palepale uchochoroni, akitaja Kidichi na jina la Nassra, akisema waende sasa hivi, wasingoje. Kisha akarudi mlangoni akamwomba Bi Sichana, kwa adabu zote, asimpigie mtu yeyote.

"Ntampigia nani?" alisema Bi Sichana. "Simu yake si umeisikia."

Alikaa chini pale juu ya ngazi. Nilitoka nyuma ya pazia nikakaa karibu naye. Hakunisukuma. Alisema, akitazama chini, kwamba angalau Hamad, kabla ya kumwambia afisa, alikuwa akimwambia yeye mamake kwanza. Hakusema neno jingine nami usiku ule, wala kesho yake, na mpaka leo.

Walimkuta. Bwana Mbarouk ameeleza mahakamani, na Zuleikha alikuwa amenieleza kabla. Alikuwa amekaa chini ya mlangilangi, nyuma ya jiko, anamenya chungwa. Hakukimbia. Alisema amekuja kumtaka Nassra radhi kwa sababu kifo cha kaka yake kimemzindua, na kwamba anangoja apate ujasiri wa kugonga mlango. Pengine ni kweli. Walipompekua walimkuta na skrubu mfukoni mwa shati. Mlango wa jiko, ule anaolala Nassra nyuma yake, bawaba yake ya chini ilikuwa haina skrubu hata moja, na ya juu ilikuwa imebakiwa na moja. Mahfoudh alisema aliziokota chini. Askari mwanamke alikuja kuchukua maelezo yangu chumbani kwangu, nikamtajia neno kwa neno, nikatia saini.

Nilipoitwa mahakamani eda yangu ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na sherehe ya kunitoa. Zuleikha alinipeleka kuoga, akanivika gauni jipya alilolishona mwenyewe, na Nassra alikuja. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona tangu taya lake lilipopona. Limekaa upande kidogo. Alinipa mkono wa tanzia, tukakaa, hatukuzungumza habari za Mahfoudh. Alisinzia akiwa amekaa kwenye kiti. Tulimwacha alale mpaka alasiri.

Wakili wa Mahfoudh aliniuliza mbele ya hakimu kama mtu mwenye huzuni kama yangu anaweza kweli kujua nani yumo ndani ya nyumba na nani hayumo. Nikamjibu kwamba mtu mwenye huzuni hana kazi nyingine. Bi Sichana alikuwa amekaa benchi la mbele, amevaa buibui lake la Idi. Mahfoudh, aliposimamishwa kutolewa, alinitazama akanipa salamu kwa kichwa, kwa adabu, kama siku zote. Uangalizi ulifutwa, akapelekwa Chuo cha Mafunzo.

Mimi niko Michenzani kwa dada yangu Ummy, ghorofa ya tatu. Nalala chumba kimoja na binti zake. Nikimpelekea Bi Sichana salamu hupokewa na jirani, na jibu haliji. Nassra bado yuko Kidichi. Shangazi yake hataki kuhama, na yeye hataki kumwacha. Zuleikha ananiambia Bi Sichana huenda kumtazama mwanawe kila siku ya ziara, na huko wanaelewana vizuri, wanacheka. Nimemuuliza wanacheka nini. Hajui.

Kifungo cha Mahfoudh kinaisha Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Mamake ameshamtayarishia chumba, kile nilichokalia mimi, cha kwanza ukimaliza ngazi.